Siku 19 za mvua, na uzi ambao debaga haikuuona

Mimi ni mtu wa udongo na mahindi. Lisansi yangu ni ya agronomia, si ya informatike. Lakini leo mnivumilie kidogo, nataka kusimulia historia ya kitu ambacho karibu siye wote tunakitumia kila siku bila kujua hata jina lake: maktaba ya C ya masini ndogo, vile ilichelewa kupata nyuzi zake, na vile debaga ilikuja nyuma yake ikichechemea. Sikuitafuta historia hii kwa kupenda. Niliitafuta juu ya siku 19 za mvua.

Ilikuwa mwanzo wa sezoni A, uwandani Ruzizi. Projeti niliyokuwa naifanyia kazi ilisimamisha kituo kidogo cha hali ya hewa katikati ya mashamba. Kipimo cha mvua kina kijiko: kikijaa kinapinduka, na kila mpinduko ni milimita 0.2. Chini yake kuna kisanduku chenye prosesa ndogo, betri na paneli ya jua. Kinahesabu mipinduko, kiisha kinatuma hesabu kwa modemu ya simu. Sisi tulikuwa tunangoja mvua ya siku kumi ifike kiwango fulani njo tuwaambie walimaji wapande.

Kwa siku 19 kisanduku hakikuongeza hata milimita moja. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka vizuri kabisa. Mama mmoja mwenye shamba jirani alinipigia simu mara tatu: “Enjeniere, usiku mvua ilinyesha. Tupande ao tungoje?” Mimi nikiwa Bukavu, mbele ya masini yangu, nikamjibu kwamba hayo ni manyunyu, tungoje namba. Akangoja, kwa kuniheshimu.

Nilipokwenda huko hatimaye, nilikwenda na rafiki yangu wa informatike, tulisoma naye miaka ileile. Akaunganisha kompyuta yake kwenye kisanduku, akaangalia muda mrefu, akasema: “Ndugu yangu, programu yako haijakufa. Iko hai. Inangoja kufuli.”

“Kufuli gani? Nani ameshika ufunguo?”

“Hapo njo sijui. Ni lazima iko uzi mwingine ulioshika. Lakini debaga inanionyesha uzi mmoja tu.”

Nilipomwuliza kwa nini debaga haioni, akacheka. Akasema jibu ni refu na linaanza mwaka 1996. Nilidhani ananitania, kumbe ni kweli.

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Programu yenye uzi mmoja ni kama mtu mmoja nyumbani: anamaliza kazi hii, anaanza ile. Programu yenye nyuzi mbili ni watu wawili ndani ya nyumba moja, wenye stoo moja. Kwenye kisanduku chetu mmoja anahesabu mvua, mwingine anatuma hesabu mjini. Kwa kuwa stoo ni moja, kuna kufuli ili wasiingie pamoja na kuvuruga hesabu. Debaga, nayo, ni programu inayoingia ndani ya programu nyingine wakati inafanya kazi, inaisimamisha, inauliza: uko fasi gani, umeshika nini, unangoja nini? Ile inayotumika zaidi kwenye Linux inaitwa GDB, Richard Stallman aliianza mwaka 1986.

Na maktaba ya C? Hiyo ni tabaka kati ya programu na kerneli. Programu ikitaka kufungua faili, kuomba memori, kuanzisha uzi, haiendi yenyewe kwa kerneli. Inapitia maktaba hii. Kwenye masini kubwa za Linux maktaba yenyewe ni glibc. Bila hiyo karibu hakuna programu inayosimama.

Sasa, mwaka 1996. Kerneli ya Linux wakati ule haikujua nyuzi. Ilijua michakato tu, yaani programu zinazokwenda kila moja kivyake. Lakini ilikuwa na mwito mmoja, clone, uliowezesha michakato miwili kutumia memori moja. Mfaransa Xavier Leroy, mtafiti wa INRIA (njo yeye pia aliye nyuma ya lugha ya OCaml), akachukua mwito huo na kujenga juu yake maktaba ya nyuzi iliyoitwa LinuxThreads. Ilikuwa kazi ya akili nyingi, na ilihudumia dunia kwa miaka. Lakini ilikuwa na vilema vyake. Kila uzi ulikuwa na namba yake ya mchakato, kana kwamba ni programu nyingine. Kulikuwa na uzi wa ziada, wa msimamizi, ambaye kazi yake ni kuzalisha na kuzika wengine. Huyo akiuawa, nyumba nzima inabaki bila mkubwa. Kwenye kerneli za zamani LinuxThreads ilijichukulia hata ishara mbili, SIGUSR1 na SIGUSR2, ambazo zilikuwa za programu za watu.

Pembeni, hadithi nyingine ilikuwa inaanza. Mwaka 1998 D. Jeff Dionne na Kenneth Albanowski walitoa µClinux, Linux ya prosesa ndogo zisizo na kile kipande kinacholinda memori ya programu moja dhidi ya nyingine. Walianza na prosesa za Motorola za aina ya 68000, zile za PalmPilot. Glibc ilikuwa kubwa mno kwa vitu kama hivyo. Kutoka kwenye juhudi hiyo, karibu mwaka 2000, Erik Andersen akaanza kuisukuma maktaba ndogo iliyoitwa uClibc. Ile u ya mbele inasimama fasi ya herufi ya Kigiriki ya “mikro”. Wakati glibc inadai zaidi ya megabaiti 1, uClibc ilitosheka na kilobaiti mia chache.

Msiione hiyo kuwa ni vitu vya maabara. Ruta ya Linksys WRT54G, ile ya rangi ya bluu yenye antena mbili ambayo mingi ilifika mpaka kwenye sibakafe zetu, katika matoleo yake ya kwanza ilikuwa na megabaiti 4 za kuhifadhi na 16 za memori. Ndani yake kulikuwa na Linux na uClibc. OpenWrt ilizaliwa kutoka kwenye ruta hiyo, nayo ikaendelea na uClibc kwa miaka zaidi ya kumi. Ukihesabu ruta, modemu, masanduku ya televisheni na vipimo kama changu, maktaba hii ndogo ilifika fasi ambazo glibc haikuota kufika.

Nyuzi zake zilikuwa za Leroy, yaani LinuxThreads iliyopunguzwa. Kwa mwanzo zilitosha.

Kiisha masini kubwa zikapiga hatua. Mwaka 2002 Ulrich Drepper na Ingo Molnar wa Red Hat walianza maktaba mpya ya nyuzi, NPTL. Safari hii kerneli yenyewe ilibadilishwa ili ijue uzi ni nini: nyuzi zote za programu moja zikawa na namba moja ya mchakato, msimamizi akaondolewa, na kufuli likafanyika kwa njia mpya inayoitwa futex. Futex ni werevu mtupu. Kama kufuli liko wazi, uzi unalichukua bila kumsumbua kerneli. Unamwita tu pale kuna mtu mwingine ameshalishika, ili akulaze usingizi mpaka litakapofunguliwa. Kipimo kimoja cha wakati ule kinatajwa mpaka leo: kuanzisha nyuzi 100,000 kwenye prosesa ya Intel kulichukua sekunde 2, wakati njia ya zamani ilitaka kama dakika 15. NPTL ilitoka kwa watu mwaka 2003 ndani ya Red Hat Linux 9, na mwisho wa mwaka huo kerneli 2.6 ikaibeba.

Sasa ninyi mtauliza, kama mimi nilivyouliza: kama kazi imekwisha mwaka 2003, si unakopi tu uweke kwenye uClibc? Jibu ni kwamba uClibc ilitoa toleo lenye NPTL mwaka 2011. Toleo 0.9.32. Miaka nane.

Hapa njo fasi iliyonivutia zaidi, juu inafanana na kazi yetu. Huwezi kuchukua mbegu iliyofaulu kituoni na kuimwaga kila udongo. NPTL inadai vitu viwili kutoka kwa prosesa yenyewe, na kila aina ya prosesa inavijibu kivyake.

Cha kwanza: kila uzi unahitaji stoo yake ndogo ya binafsi, na unahitaji kujua haraka stoo hiyo iko wapi. Kwa kawaida unatenga rejista moja ya prosesa ishike anwani hiyo. Kwenye MIPS, prosesa ya ruta nyingi, rejista zote zilikuwa zimeshagawanywa kwa kazi nyingine tangu zamani; hakukuwa na hata moja ya kutoa. Wakaamua kutumia amri inayoitwa rdhwr, ambayo prosesa nyingi za wakati ule hazikuwa nayo. Yaani uzi unatoa amri ambayo prosesa haiijui, prosesa inashtuka na kumwita kerneli, kerneli anatambua swali na kujibu: stoo yako iko pale. Ni mzunguko mrefu kwa kujua chumba chako mwenyewe, lakini ulifanya kazi bila kuvunja programu za zamani. Kwenye SuperH walikuwa na bahati, kulikuwa na rejista moja, GBR, iliyofaa. Kwenye ARM za zamani hakukuwa na fasi maalum, kwa hiyo kerneli aliweka kipande cha msaada juu kabisa ya memori, na kila programu inakwenda kuuliza hapo.

Cha pili: kufuli linadai uweze kusoma namba, kuilinganisha na kuibadilisha bila mtu yeyote kuingia katikati. Intel ina amri ya hivyo. MIPS inafanya kwa amri mbili zinazoshirikiana. ARM za zamani na SuperH hazikuwa na kitu cha kutosha, kukabidi kerneli asaidie: uzi ukikatizwa katikati ya hatua hizo, anaurudisha mwanzo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kila moja ya majibu haya ni mtu ameketi miezi na kitabu cha prosesa. Steven J. Hill alifanya kazi ya MIPS, na mwaka 2006 alikwenda kwenye kongamano la Linux la Ottawa, Kanada, kuieleza. Watu wa STMicroelectronics, kampuni iliyokuwa inauza prosesa za SuperH kwa masanduku ya televisheni, wakafanya upande wao. Kazi ilikaa kwenye tawi la pembeni miaka mingi, watu wakilitumia kwa imani, kabla ya kuunganishwa na shina. Sioni uvivu hapo. Naona watu wachache mno kwa prosesa nyingi mno.

Nimekuja sasa kwa debaga, na hapa nitakuwa mkali kidogo.

GDB haikuzaliwa ikijua nyuzi za kila maktaba. Ingejuaje? Orodha ya nyuzi ni jambo la ndani la maktaba, imeandikwa kwa namna yake, na inabadilika toleo kwa toleo. Dawa yake ni wazo lililotoka kwenye Solaris: maktaba ya nyuzi inatembea na mkalimani wake, maktaba ndogo ya pembeni inayoitwa libthread_db. GDB inampakia mkalimani. Mkalimani anasema: nisomee memori kwenye anwani hii, nitafutie jina hili liko wapi, nipe rejista za uzi ule. GDB inamjibu, naye anatafsiri: kuna nyuzi mbili, huu wa kwanza uko hapa, wa pili uko pale. Kitu cha kwanza kabisa anachotafuta ni jina moja ndani ya maktaba ya nyuzi, nptl_version, ili ahakikishe yeye na maktaba ni wa toleo moja. Asipolipata, au matoleo yakikosana, anakataa kazi, na GDB inakuambia kwamba haiwezi kudebaga nyuzi.

Kwenye masini ndogo mambo yanagawanyika zaidi. GDB nzima haitoshei huko, kwa hiyo ndani ya kisanduku kunawekwa mjumbe mdogo, gdbserver, na GDB yenyewe inakaa kwenye kompyuta yako. Wanaongea kwa waya. Kwa hiyo kila mtu aliyepeleka NPTL kwenye prosesa mpya alikuwa na kazi nyingine inayomngoja: kumfundisha mkalimani kupata stoo ya uzi kwenye prosesa ile, kumfundisha mjumbe kusoma rejista zake. Kazi hiyo haionekani na hakuna anayeipigia makofi, maana programu inatembea vizuri hata bila hiyo. Inatembea mpaka siku itakayosimama.

Na hata pale kazi imefanywa, mkono wa kupunguza uzito unaikata. Kwenye vyombo vidogo kuna desturi ya kunyoa kila faili majina yake, ili kuokoa nafasi. Ukiinyoa libpthread kabisa, nptl_version inakwenda nayo, na mkalimani anabaki bubu. Watu wa Buildroot, chombo cha kujengea Linux ndogo kilichoanza kama uwanja wa kujaribia uClibc, walijua hilo, wakaweka sharti kwamba libpthread inyolewe nusu tu. Ndani ya uClibc yenyewe msaada wa debaga ni chaguo unaloweza kuzima. Maelezo yake yanakuonya kwamba libpthread yako itanenepa, na kama hudebagi nyuzi, jibu hapana. Mtengenezaji mwenye haraka anasoma hivyo na anajibu hapana. Kuna adhabu nyingine juu yake: debaga isiyojua nyuzi ikiweka kituo cha kusimamisha programu, na uzi usioujua ukakanyaga kituo hicho, programu inauawa na ishara ya SIGTRAP. Daktari anamuua mgonjwa kwa kumpima!

Hicho njo kilitutokea. Kisanduku chetu kilijengwa kwa uClibc-ng. Nieleze jina hilo haraka: baada ya toleo 0.9.33.2 la mwaka 2012 uClibc ilinyamaza. Mwaka 2014 Waldemar Brodkorb akaanzisha mrithi, uClibc-ng, na toleo 1.0.0 likatoka mwaka 2015. Chini ya jina hilo NPTL ilienea hata kwenye prosesa ambazo hazikuwahi kuipata, kama Xtensa. OpenWrt haikungoja, mwaka 2015 ilihamia musl ya Rich Felker. Kwa hiyo nyuzi za kisasa tulikuwa nazo. Lakini msaada wa debaga ulizimwa, libpthread ilinyolewa kabisa, na gdbserver iliyomo ilikuwa ya zamani. Rafiki yangu alipoanzisha programu upya na kuweka kituo, ilikufa mikononi mwake. Akaangalia nafasi iliyobaki kwenye kisanduku: megabaiti 5, tupu, hazina kazi.

Aliyetuuzia alitupa faili za ujenzi baada ya barua tatu. Rafiki yangu akajenga upya libpthread ileile, toleo lilelile, safari hii na majina yake na mkalimani wake. Tukakiacha kisanduku fasi yenye mtandao mbaya usiku mbili, kikaganda tena. Akaunganisha, akaandika amri moja, nyuzi mbili zikatokea. Wa kutuma alikuwa ameshika kufuli la stoo, na mkononi bado anaingojea modemu ijibu, bila kikomo cha muda. Modemu ilikuwa imepoteza mtandao. Wa kuhesabu alikuwa amelazwa kwenye futex, anangoja kufuli, na nje kijiko kinapinduka bila mtu wa kuhesabu. Kurekebisha kulidai mistari michache: nakili hesabu, achilia kufuli, kiisha tuma, na modemu isipojibu baada ya dakika moja, acha.

Kutoka kuona nyuzi mpaka kurekebisha haikupita saa mbili. Kufika kuziona kulichukua majuma matano.

Kwenye raporti yangu jedwali la mvua lina mistari 19 yenye kidoti tu. Yule mama alipanda kwa kuchelewa, na mahindi yake yalikutana na jua kabla ya kushika punje. Sezoni iliyofuata kisanduku kilihesabu vizuri, lakini yeye hakunipigia simu. Alipanda asubuhi aliyoona kumbikumbi wanatoka ardhini.